Nimeachiwa projekta na wageni wa Gangilonga: sinema ya mtaa hapa Iringa inawezekana?

Mwalimu wa Kihesa

Wakuu, kamwene. Naomba ushauri kabla sijajitia aibu.

Mimi nafundisha wageni Kiswahili hapa Iringa mjini: wamisionari, watu wa miradi, madaktari wa kujitolea, na wale wa porini Ruaha wanaokuja mjini kufua nguo na kununua jibini. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na sinema kila Ijumaa kwenye bustani ya nyumba moja Gangilonga. Shuka ukutani, viti vya kukunja, kila mtu na chupa yake ya chai na sahani ya kuchangia. Picha za Kiingereza, mara mojamoja za Kifaransa. Wenyeji tulikuwa mimi, mke wangu, na wafanyakazi wa nyumba za jirani waliokuwa wanasimama nyuma karibu na tangi la maji. Hakuna aliyewakataza kukaa, na hakuna aliyekaa.

Sasa wenye nyumba mkataba umeisha, wameondoka. Ndivyo mji wetu ulivyo, ukishamfundisha mtu mpaka anaweza kubishana na mama muuza nyanya, anafungasha. Wameniachia projekta, spika mbili, ekstensheni ndefu na daftari la majina ya wahudhuriaji. Wakasema, "Endeleza."

Nataka kuendeleza, ila si vile. Nataka watu wa Kihesa, Mlandege na Frelimo waje. Na kabla ya picha, vijana wapewe dakika ishirini zao: kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, shairi, ngoma, hata mchoraji atundike kazi zake. Tulifanya onyesho moja la namna hiyo kwenye bustani ileile kabla nyumba haijarudishwa kwa mwenyewe. Nilitangaza kanisani na kwenye kijiwe cha bodaboda. Wakaja wazungu walewale, pamoja na vijana wa maigizo ambao ndio walikuwa wanaigiza.

Nauliza: wapi, siku gani, picha gani, na je, kuna kibali? Nawasilisha.

Banda la Mlandege

Mwalimu, mimi nina banda la kuonyesha mpira na muvi hapa Mlandege. Watu wanaliita kibanda umiza na jina hilo silikatai, benchi zangu zinaumiza kweli.

Tatizo lako la kwanza ni geti. Mtu wa huku anafikaje kwenye bustani ya Gangilonga saa moja usiku? Anapanda mlima, anafika, mlinzi anammulika tochi ya uso: "Unamfuata nani?" Ajibu nini? Nimemfuata shuka? Mlinzi mmoja wa kule ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tunaazimana jembe, na bado getini ananiuliza hivyo hivyo. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo toka nje ya ua. Weka mahali ambapo mtu anapita na mambo yake, anasimama dakika tano, na ikimchosha anaondoka bila kumuaga mtu. Wateja wangu wengi walianza kwa kuchungulia mlangoni.

La pili ni sauti. Picha ya Kiingereza yenye maandishi chini inafukuza watu, mteja wangu kaja kuangalia, hajaja kusoma. Mnakumbuka enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, mtu anatafsiri juu kwa juu, anamsema jambazi kama anavyomsema shemeji yake, na ukumbi mzima unajibu. Ninaye kijana hapa, mchana anaita abiria stendi, usiku anashika maiki. Muvi ya Kikorea akiisimulia, mama zangu wanalia. Kikorea hajui hata salamu. Anaiangalia kwanza peke yake mchana, simu mkononi, anaandika kwenye daftari nani mtoto wa nani na nani kamdhulumu nani, halafu usiku anaiachia. Sehemu ambazo hakuna anayeongea ndizo anazozipatia zaidi, maana pale anaweka umbea wake mwenyewe.

Siku: Jumamosi usithubutu, ligi ya Uingereza inaanza mchana na inamaliza watu usiku. Jumanne na Jumatano kuna Ulaya. Ijumaa uliyoizoea ni nzuri, ila Simba au Yanga wakiwa uwanjani ahirisha tu, usipigane na usichokiweza.

Shuka nalo achana nalo. Mwanga unapenya unaishia kwa jirani, na upepo wa Iringa unalijaza kama tanga la jahazi, mpaka mhusika anaota kitambi katikati ya mapenzi. Tafuta bango la flex, yale ya kampeni yanayobaki yakizagaa baada ya uchaguzi. Ligeuze, nyuma ni jeupe pee, na matundu ya kufungia kamba yapo tayari. Mbele mgombea anatabasamu gizani, hana madhara.

Chai na Vitumbua

Mwezi wa sita na wa saba mtaganda nje hapo. Mnaniitaje bila kuniita? Mimi, jiko langu na maziwa ya kuchemsha tupo. Watu wa Gangilonga waambieni waache chupa zao nyumbani.

Sheria Ndogo

Kabla hamjagawana benchi, Mwalimu aliuliza kibali na hakuna aliyemjibu.

Kipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inakugusa kwa yote mawili, picha na lile igizo la vijana wako. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa iwe imekaguliwa na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu. Usianzie Dar es Salaam. Anza kwa afisa utamaduni pale Manispaa, mpelekee barua yenye tarehe, mahali, jina la filamu na jina la kikundi. Serikali ya mtaa nayo ijue, kwa ajili ya ulinzi na kelele.

Kuna jambo la pili ambalo wengi wanalipita. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, kuionyesha kazi hadharani ni haki ya mwenye kazi. Kwamba hutozi kiingilio haikupi ruhusa. Akaunti ya Netflix uliyolipia ni ya sebuleni kwako, haigeuki kuwa ya uwanja kwa sababu umeiunganisha na projekta. Na kaka wa Mlandege, hilo la kijana wa maiki pia: kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, si jambo la kujichukulia.

Simaanishi msifanye. Namaanisha mchague picha ambayo mwenyewe anapatikana. Watengenezaji wetu wa filamu fupi wapo wengi, wanaipeleka kazi ZIFF, lile tamasha la filamu kule Zanzibar, inaonyeshwa mara moja, baada ya hapo inakaa kwenye diski. Mwandikie mmoja. Mwambie ni wapi, watu wangapi mnawatarajia, hakuna kiingilio, na kwamba kutakuwa na msimulizi au maandishi. Omba jibu la maandishi na ulichapishe. Nimeona maonyesho yakizuiwa jioni yenyewe, viti vimeshapangwa, kwa kukosa karatasi moja tu.

Banda la Mlandege

Sheria, nimekusikia. Leo ngoja tuongee ya Mwalimu, ya kwangu tutaongea siku nyingine.

Mstaafu wa Ilula

Vijana, hamjambo. Mnavyoongea kama sinema ya wazi ni jambo jipya mnanichekesha.

Sisi tulikuwa na gari la sinema. Land Rover linaingia jioni, spika juu ya paa zinatangaza, na hapo hakuna mtoto anayekula ugali akaumaliza. Pazia linasimamishwa kwenye nguzo mbili katikati ya uwanja. Wakubwa mbele, sisi wadogo tukaona heri tukae upande wa nyuma ambako hakuna kusukumana. Picha inaonekana vizuri tu, isipokuwa kila mtu ni wa mkono wa kushoto na namba za magari zinasomeka kinyumenyume. Kwanza walionyesha choo cha shimo na kunawa mikono, halafu mbolea ya mahindi, ndipo wakaja na cha kuchekesha. Walijua tutavumilia choo ili tumuone mchekeshaji.

Na kabla ya hapo walijaribu Waingereza. Kati ya 1935 na 1937 waliweka kambi Vugiri kule Usambara, wakapiga picha zao za mafunzo: ugonjwa wa safura, kuweka akiba posta, kilimo. Wakazungusha lori lenye projekta hapa Tanganyika na hata nchi jirani. Angalieni walivyotatua hilo mnalobishania. Sauti hawakuitia kwenye mkanda wa picha, waliiweka kwenye santuri, pembeni. Picha ni moja, santuri unabadilisha kufuatana na lugha ya watu waliopo. Nia yao ilikuwa ya kikoloni, kutufundisha kuwa raia watiifu wa mfalme, sitawasifu kwa hilo. Ila kuitenga sauti na picha ilikuwa akili. Kijana wa maiki wa Mlandege ni santuri yenye miguu.

Neno moja kuhusu maigizo. Usiyaweke mwanzo kama salamu ya mwenyekiti. Miaka ya themanini walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji mpaka igizo likatoka kwenye shida za wanakijiji wenyewe, na likisimama katikati watu wanajadili. Vijana wako waigize jambo la Kihesa, halafu picha mtakayoonyesha iwe inagusa jambo hilohilo. Hapo watu wataongea mpaka chai iishe.

Mwalimu wa Kihesa

Shikamoo mzee. Hilo la kuoanisha igizo na picha nimelibeba. Vijana wana kipande kuhusu dada wa kazi aliyeletwa mjini kutoka kijijini akaahidiwa shule. Wanatoka Kihesa lakini wanaijua hadithi hiyo kuliko wanavyotamani, maana mabinti wengi wa kazi huko mijini hutoka mikoa yetu hii.

Mahali: mwenyekiti wa mtaa amekubali tutumie ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, na umeme tuchukue ndani, luku tununue wenyewe.

Mikono Inasema

Habari zenu. Mimi ni kiziwi. Nimesoma yote hapo juu, na nimeona mmeshakubaliana kwamba maandishi yanafukuza watu.

Kaka wa Mlandege, kijana wako akisimulia mimi naona mdomo unaotembea gizani. Nimewahi kuingia banda kama lako na rafiki zangu, tukalipa kama wengine, tukakaa tukitazama watu wakicheka. Tulikuwa tunacheka kwa kuchelewa.

Iringa si mji wa kusema viziwi watakuja lini, tupo. Ukienda mgahawa wa Neema Crafts wanaokuhudumia ni viziwi, wageni wanajua, wanaagiza kwa kuandika na kwa ishara na hakuna anayekufa njaa. Hao wazungu wa kwenye daftari la Mwalimu karibu wote wameshakunywa kahawa pale. Sasa inakuwaje usiku wa sinema lugha yetu inasahaulika?

Ninachoomba ni hiki. Maandishi ya Kiswahili, makubwa, ya njano, yasizidi mistari miwili, na yakae kwenye picha muda wa kutosha. Kuyatengeneza naweza, nipeni filamu na mazungumzo yaliyoandikwa, naandika kwenye kompyuta nyumbani. Kwenye igizo mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na waigizaji, si pembeni kabisa, na awe na taa yake. Mkizima taa zote ili ipendeze, mmetuzimia na sisi.

Halafu yule msimulizi wenu abaki. Sina ugomvi naye.

Banda la Mlandege

Dada, umenishika. Watu wangu wanakasirikia maandishi ya Kiingereza yanayokimbia. Ya Kiswahili makubwa sijawahi kuwawekea, kwa hiyo siwezi kusema wanayachukia. Ila kuna hili: kijana wangu anaongeza chumvi. Maandishi yakisema "Karibu ndani" yeye anasema "Ingia, mwizi wa kuku wewe." Wanaosoma na wanaosikia watakuwa wanaangalia picha mbili.

Mikono Inasema

Basi anitumie chumvi zake mapema. Nitaziandika.

Banda la Mlandege

Hajawahi kujua atasema nini kabla hajasema. Lakini nitamleta kwako mkae siku moja.

Ndaga Tukuyu

Nawasoma kwa wivu. Ninyi mna kiangazi cha kueleweka. Huku Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, ukitangaza sinema ya nje inanyesha kwa heshima yako. Sisi tulihamia kwenye ghala la kahawa, bati likipigwa na mvua hata subufa haisikiki, na hapo ndipo tulipoyapenda maandishi. Ushauri wa haraka: projekta isikae chini kwenye majani, umande unapanda usiku. Meza, na kitambaa kikavu cha kuifunika ikishapoa. Usiizime kwa kuchomoa waya ukutani, feni iachwe imalize kazi yake kwanza, la sivyo taa ya ndani inakufa, na bei yake utatamani urudishiwe shuka.

Mwalimu wa Kihesa

Asanteni sana. Barua ya afisa utamaduni naipeleka Jumatatu. Nimeshamwandikia mtengenezaji mmoja wa filamu fupi, nikamweleza maandishi na msimulizi kama Sheria alivyosema. Wale wa Gangilonga waliobaki nimewaambia sasa wao ndio watakaoshuka mlima, wasubiri zamu ya kiti kama kila mtu. Mmoja kauliza kama aje na kiti chake. Nimemwambia aje nacho, ila akae nyuma, kina mgongo mrefu.

Bado sijajua sauti itatosha kiasi gani pale barabarani.

Banda la Mlandege

Spika zako za bustani ni za watu wanaonong'ona. Nitaleta subufa na benchi nne. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafunga bango, saa moja giza limeshaingia. Na hao vijana wa maigizo waambie dakika ishirini ni ishirini, watu wakianza miluzi mimi siwezi kuwasaidia.