Naombeni ushauri: jelikoti imekunjamana, na "hadina" ni ipi hasa?

Seremala_Kigamboni:
Habari za jioni wakuu. Nina miezi mitano kwenye karakana ya boti za faiba. Nilitokea kwenye mbao, ambazo nazijua, lakini huku maneno yananichanganya na mafundi wenyewe hawakubaliani. Juzi tulipaka jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, kwenye kalibu la boti ya mita sita, tukasubiri, tukalaza mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya kwanza. Tulipoitoa boti, jelikoti imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mmoja anasema hadina ilikuwa chache, mwingine anasema haikukauka. Stoo kuna chupa mbili, moja maji meupe, nyingine zambarau, na zote zinaitwa hadina. Kesho nimeambiwa nichanganye mimi. Nieleweshwe tafadhali.

MkukuMbele:
Kaka, kabla ya lolote: hizo chupa mbili zisikutane zenyewe kwa zenyewe. Zinawaka, na zinaweza kulipuka. Kwa jinsi ulivyoeleza, ile nyeupe ni MEKP, ndiyo hadina, yaani dawa inayoifanya resini igande. Ya zambarau ni kobalti, kazi yake ni kuharakisha tu. Kobalti huingia kwenye resini (ile gundi ya maji ya kulowesha mati) kwanza, unakoroga mpaka ienee yote, ndipo unatia MEKP. Tena resini nyingi zinakuja zimeshatiwa kobalti kiwandani, kwa hiyo soma lebo ya pipa, huenda hiyo chupa huihitaji kabisa. Usitumie kikombe kimoja wala kijiti kimoja. Na vaa miwani! MEKP ikiingia jichoni inaweza kukupofusha.

Fundi_Nyali:
Pole ndugu yangu. Mikunjo iko wapi, pembeni au chini?

Seremala_Kigamboni:
Chini, kando ya mkuku. Pembeni safi kabisa.

Fundi_Nyali:
Basi nadhani nimeshaiona. Mvuke wa stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye resini na jelikoti, ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya kalibu na kuizuia jelikoti isiive. Juu ukigusa unaona tayari, kumbe chini bado mbichi. Ukiilazia mati, stairini ya resini mpya inaila ile jelikoti, inavimba na kujikunja. Wekeni feni ipulize polepole ndani ya kalibu, na kabla ya kulaza gusa chini kabisa kwa kidole: inate, lakini isibaki kidoleni. Unene nao uangaliwe, karibu nusu milimita. Ikiwa nyembamba sana hujikunja vilevile.

Halafu hilo neno "haikukauka" liacheni. Resini haikauki kama nguo. Kwanza inashika, inakuwa kama uji ulioganda, baadaye ndiyo inaiva. Kijana akisikia "kukauka" ataanika juani, naye atashangaa kwa nini bado inanata.

MkukuMbele:
Hapo umesema. Mimi nikifundisha nasema "imeshika" na "imeiva", basi. Seremala, hadina mnapimaje?

Seremala_Kigamboni:
Kwa kizibo cha soda, mkuu.

MkukuMbele:
Tafuteni mizani ya jikoni. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, fuata karatasi ya resini yenu. Kilo 5 kwa asilimia 1.5 ni gramu 75. Joto la Dar linashawishi kupunguza, lakini mkishuka chini ya 1 resini inashika bila kuiva sawasawa, na boti itabaki dhaifu.

Seremala_Kigamboni:
Asanteni sana. Nimeangalia pipa sasa hivi, kobalti imo tayari. Chupa ya zambarau nimeifungia kabati jingine na zote nimeziandika majina. Ile sehemu iliyoharibika tuifanyeje?

Fundi_Nyali:
Piga msasa mpaka ufike kwenye mati iliyo nzima, futa kwa asetoni, paka jelikoti iliyotiwa nta. Nta inapanda juu na kuziba hewa. Ndani ya kalibu hukuihitaji kwa sababu kalibu lenyewe lilikuwa limeziba, lakini nje bila nta itanata wiki nzima.

Seremala_Kigamboni:
Msasa namba ngapi?

Fundi_Nyali:
Anza na 80.