Mnadai nusukipenyo cha tao la nyuzi 30, namba zikiruka lawama kwa mpimaji!

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Wiki ya tatu hii nagombezwa kwa sababu ya kipande kimoja. Kwenye mchoro kuna kona ndogo ya mviringo imeandikwa R5, yaani nusukipenyo cha mm 5, toleransi (kiasi kinachoruhusiwa kupotoka) jumlisha au toa mm 0.05. Tao lenyewe, yaani kipande hicho cha duara, ni nyuzi 30 tu, toka ncha hadi ncha halifiki hata mm 2.6. Nimelipima kwenye CMM (mashine ya kupimia kwa kugusa pointi za kipande) mara tatu mfululizo, kipande hakijatoka kwenye jiriwa: 4.96, 5.07, 4.93. Msimamizi akasema mashine mbovu. Ikakaguliwa, ncha yenye gololi ya rubi ikabadilishwa, proba (kifaa cha mashine kinachogusa kipande) ikakalibrishwa upya. Namba zikaendelea kuruka. Basi sasa mbovu ni mimi.

Chukueni karatasi tupige hesabu. Tao la nyuzi 30 lenye nusukipenyo cha mm 5 lina tumbo la mm 0.17. Nasema tumbo nikimaanisha kimo cha katikati ya tao kutoka kwenye mstari unaounga ncha zake mbili. Kijitumbo hicho ndicho pekee kinachoiambia programu duara lina ukubwa gani. Pale katikati pakisomeka juu kwa maikroni 2 tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nusukipenyo kinatoka 4.944. Tayari uko nje ya toleransi! Kwa tao la nyuzi 90, kosa hilohilo linakusogeza kama maikroni 5, hakuna atakayestuka. Kwenye nyuzi 30 kosa linakuzwa mara 28, kwenye nyuzi 20 mara 65 hivi. Na msiniambie duara likiwa kubwa mambo yanatulia, kinachotawala hapa ni pembe.

Hizo maikroni 2 zinatoka popote: utando wa mafuta, kovu la kisu, proba yenyewe. Halafu mtu ananipungia cheti cha mashine usoni. Jamani, ISO 10360-2, kiwango cha kukagulia CMM, inapima makosa ya urefu. Haijamwahidi mtu yeyote nusukipenyo cha kijipande cha duara.

Wakaniambia niongeze pointi. Nikaacha pointi 7, nikaskani pointi 200. Namba zikatulia kwenye 5.06. Kutulia siyo kuwa sahihi! Pointi nyingi zinapunguza mtetemo wa bahati nasibu, ila kama uso una kovu, pointi zote 200 zinalisoma kovu lilelile. Na pembeni siwezi kwenda, kwa sababu pale tao linapoungana na uso bapa si duara tena. Nikizikwepa ncha nabaki na nyuzi 24 hivi, hali inazidi kuwa mbaya.

Kilichonikata maini kabisa ni mkubwa mmoja aliyesema nifute pointi "zinazosumbua" mpaka itoke 5.00. Yaani nipike kipimo! Ukifuta pointi unavyotaka, tao kama hili litakupa namba yoyote unayoipenda.

Tena kitovu cha tao hilo ndicho mchoraji amekifanya rejeo la kupimia tundu la jirani. Nusukipenyo kikikosea kwa 0.056, kitovu nacho kinahama karibu kiasi hicho hicho, na tundu lililotobolewa vizuri linaonekana limehama. Vipande vimetupwa kwa sababu hiyo. Vipande vizima.

Nimefanya nilichoweza. Nimeilazimisha programu ishike nusukipenyo 5 kamili, itafute kitovu tu, kisha nikaangalia kila pointi imeachana na tao hilo kwa kiasi gani. Zote ziko ndani ya ukanda wa maikroni 4. Kipande ni kizuri! Kama mchoro ungetumia toleransi ya umbo la mstari ya ISO 1101, inayodai tu pointi zikae ndani ya ukanda kuzunguka umbo lililochorwa, badala ya kudai nusukipenyo, ugomvi huu usingekuwepo. Na kitovu, kama mnakihitaji, kiwekeeni vipimo kutoka kwenye nyuso kubwa zinazoshikika.

Wahandisi wachoraji mliomo humu, kwa nini mnaendelea kuandika R yenye toleransi ya kubana kwenye vijitao hivi? Nijibuni kwa hesabu, si kwa cheo.

Kesho asubuhi kuna kikao. Napeleka chati ya umbo yenye pointi zote 200, bila kufuta hata moja. Namba ya nusukipenyo siisaini.