Ziwa Michaelson, Mlima Kenya: siku tatu zinatosha?

Baba Nimo: Wadau, hamjambo. Mimi na mke wangu tuna likizo mwishoni mwa Aprili. Kilele hatukitaki. Yeye aliona picha ya Ziwa Michaelson na tangu siku hiyo sina amani nyumbani. Tukitoka Nairobi Ijumaa asubuhi na kagari ketu, tutawahi kulala ziwani usiku huo na kurudi Jumapili? Mwaka juzi nilipanda kwa Naro Moru nikatapika usiku kucha, kwa hiyo nijibuni kwa upole.

Mguu Mzito: Kwa upole basi: haiwezekani. Nairobi ni mita 1,700 hivi, ziwa liko karibu 4,000. Haraka ya namna hiyo ndiyo humtapisha mtu. Laleni langoni Chogoria (kama 2,950), usiku wa pili karibu na Ziwa Ellis, wa tatu ndipo Michaelson. Kichwa kikigonga na chakula kikakataa kushuka, msijikaze, teremkeni.

Binti wa Chuka: Aprili ni masika, ndugu yangu! Kutoka Chogoria mjini hadi langoni ni kilomita 30 hivi za barabara ya msituni. Mvua ikinyesha, hata Land Rover husukumwa. Hako kagari kaacheni mjini, mkodi gari la huku, na mchukue kiongozi anayejua njia. Ila ningekuwa ninyi ningengoja Agosti, au Januari.

Pimbi: Picha aliyoiona shemeji bila shaka ilipigwa pale Temple, genge lililo karibu mita 300 juu ya ziwa. Kama ni picha tu, mkifika hapo mgeuze. Mimi lakini ningeshuka. Tulilala kando ya maji. Jua lilipozama lobelia zilifumba majani kama kabichi, na alfajiri zipu ya hema ilikuwa imeganda, nikaipulizia pumzi ndipo ikafunguka. Kosa letu lilikuwa maharagwe. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, tukachochea jiko hadi gesi ikaisha. Bebeni tambi.

Baba Nimo: Mama Nimo ameusoma uzi nikiwa bafuni. Ameamua: Agosti, siku tano, na ziwani tunashuka. Nakwenda kubadilisha likizo. Pimbi, hayo maharagwe mliyatupa?

Pimbi: Huko mlimani takataka hairuhusiwi. Tuliyateremsha na sufuria yake, yakaivia Chogoria.