Kikombe, kijiko au chupa? Mtoto amezoea ziwa tu na narudi kazini jumatatu

MamaK_Uyole: Habari zenu wapendwa. Zile siku 84 za likizo ndo zinaisha hivyo, mwanangu hajawahi kunywa kitu nje ya ziwa. Chupa nimejaribu siku nne, anaisukuma chuchu kwa ulimi analia mpaka anakauka sauti. Kijiko anapokea ila nusu inaishia shingoni na maziwa yanapoa, na baridi hili la Mbeya mnalijua. Mama mkwe anasema nimpe kikombe, ndo alivyolea wanae wote Tukuyu, ila mie naogopa atapaliwa. Waliopitia kipi kiliwafaa?

Mama_wawili: Mi wa kwanza nilimpa chupa na alikunywa vizuri tu sitaki kudanganya, shida ni usafi. Kwenye chuchu na shingo ya chupa maziwa yanaganda, usipochemsha kila mara ni kuharisha, na dada wa kazi hawezi kukumbuka kila siku. Halafu jioni nikirudi akawa ananyonya kwa kuvuta ovyo. Wa pili nikaenda na kikombe moja kwa moja.

Mkunga_Iringa: Kamwene dada. Mtoto anapaliwa ukimmiminia, ndo kosa la wengi. Mkalishe wima mapajani, mfunge khanga mikono isigonge kikombe, ukingo uguse mdomo wa chini, uinamishe mpaka maziwa yafike tu kwenye lips zake halafu TULIA. Atalamba mwenyewe kwa ulimi, akipumzika na wewe subiri hapohapo, akifunga mdomo ameshiba usimlazimishe. Kikombe kiwe kidogo cha kahawa au kiglasi, kisiwe na ukingo mkali. Asiwe na usingizi, na usisubiri mpaka awe na njaa kali, mtoto mwenye hasira hajifunzi kitu.

BabaJ: Naongeza kama baba, kwetu mama ndo alikuwa tatizo 😀 mtoto akisikia harufu yake tu hataki kikombe. Mke wangu akawa anatoka kabisa anaenda Mwanjelwa, mi nabaki nae. Siku ya kwanza alilamba mara tatu basi, ya pili akamwaga, ya nne akamaliza nusu kikombe. Kwahiyo ampe atakayebaki nae, sio wewe.

MamaK_Uyole: Na maziwa niliyokamua yanakaaje bila kuharibika?

Mkunga_Iringa: Nje ya friji masaa 4, kwenye friji siku 4, sio mlangoni, weka ndani kabisa. Ukiona mafuta yamepanda juu hayajaharibika, tikisa taratibu. Kupasha weka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, usichemshe jikoni wala usitumie maikrowevu, inaacha sehemu za moto zinamuunguza. Yakibaki kwenye kikombe baada ya masaa 2 mwaga, najua inauma. Na ukiwa kazini kamua, usipokamua maziwa yanapungua. Sheria ya kazi inakupa mpaka masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha, muulize bosi mapema.

Njombe_mom: Kijiko mi nakitetea kwa siku za mwanzo, binti yangu alianza nacho wiki moja ndo akahamia kikombe. Ila kwa mtoto wa karibu miezi mitatu anayehitaji kushiba asubuhi mpaka jioni, kijiko kitamchosha anaempa na mtoto mwenyewe.

Mama_wawili: Kweli hapo. Na mnunulie bibu za kutosha, kumwaga kupo wiki ya kwanza, dada asije akadhani mtoto amekunywa kumbe nguo ndo imekunywa. Aangalie nepi, mkojo ukiwa mara sita au zaidi kwa siku ujue anapata.

MamaK_Uyole: Nimerudi jamani. Leo nimekaa kwa jirani nusu saa, bibi yake kampa kwa kikombe cha kahawa, kalamba kama paka, kakohoa mara moja tu. Yamebaki kidogo sana chini. Bibi anasema kesho tena saa nne kabla hajaanza kulia. Ndaga fijo wote 🙏