Mke wangu anazidiwa kila akiingia kwenye hedhi, altrasaundi inasema yuko safi. Tuanzie wapi?

Mpogoro Mtulivu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa akina dada na wahudumu wa afya mliomo humu.

Mke wangu ana miaka 28. Tangu avunje ungo siku zake ni mateso, ila sasa imezidi. Kiuno na nyonga vinaanza kuuma hata kabla damu haijatoka, anatapika, safari moja alianguka bafuni. Akiwa kwenye siku zake hata haja kubwa anaenda huku analia. Samahani kwa kusema, tendo la ndoa nalo linamuuma kwa ndani kabisa.

Hospitali tumezunguka. Leo UTI, kesho PID (maambukizi ya viungo vya uzazi, ambayo mara nyingi hutokana na magonjwa ya zinaa), tunapewa antibayotiki wote wawili. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwaka moto, maana PID isiyoisha kila mtu anamshuku mwenzake. Altrasaundi ya tumbo haikuonyesha kitu. Mama yangu anasema ni chango, akizaa litaisha. Na mtoto mwenyewe tunamtafuta hatujapata. Jirani kataja endometriosisi. Inapimwaje?

Nesi wa Zamu:
Pole kaka, na shemeji mpe pole. Huo ugonjwa ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, sasa inaota nje yake: kwenye mifuko ya mayai, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Panavimba, panafanya makovu, viungo vinagandana. Mtu akiniambia hedhi inamlaza kitandani, haja kubwa inauma siku hizohizo na tendo linauma ndani, mimi nafikiria hiyo kabla sijafikiria UTI. Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa. Wala si ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo hizo shuku zenu zimalizeni leo.

Altrasaundi ya juu ya tumbo mara nyingi haioni kitu. Ombeni ile ya kupitia ukeni, ifanywe na mtu anayejua anachotafuta. Inaweza kuona uvimbe kwenye mifuko ya mayai, ule wenye damu nzito ya kahawia, na sehemu ambako ugonjwa umezama ndani. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, nayo inasaidia mkiipata. Ila hata vyote vikitoka safi, ugonjwa bado unaweza kuwepo.

Babu Kijiti:
Mnapoteza hela. Bibi zetu walichemshiwa mizizi wakazaa watoto kumi.

Mama wa Tabata:
Babu, bibi zetu waliumia kimya, na wale ambao hawakuzaa mliwaita wachawi. Tuendelee.

Mimi niligundulika kwa laparoskopi. Wanatoboa tundu dogo kitovuni, wanaingiza kamera, wanachukua vipande kwenda maabara. Na hilo la "akizaa litaisha" mwambie mama kwa adabu kwamba mimi nimezaa, nilipoacha kunyonyesha yakarudi yaleyale. Ila msikate tamaa ya mtoto. Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001, ameusema ugonjwa huu hadharani, kafanyiwa upasuaji mara kibao, na 2017 akajifungua.

Nesi wa Zamu:
Naongezea kwa Mama wa Tabata: siku hizi si lazima kuanza na laparoskopi. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unaruhusu kuanza dawa kwa kufuata dalili, upasuaji ubaki kwa ambao vipimo havionyeshi kitu au dawa zimeshindwa. Lakini angalieni hapa: hizo dawa za homoni nyingi zinazuia mimba. Daktari asipojua kwamba mnatafuta mtoto, anaweza kuwapa zinazotuliza maumivu na kufunga njia hiyohiyo. Msemeeni mapema. Na mtu akiwauzia kipimo cha damu cha CA-125 kama ndicho cha kuthibitisha, msilipe.

Mdau wa Rege:
Kuna Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024. Wake ulifika mpaka kwenye mapafu. Shemeji akibanwa kifua au kukohoa damu wakati wa hedhi, msisubiri kliniki, nendeni siku hiyohiyo.

Mpogoro Mtulivu:
Asanteni sana. Hayo ya kifua hana. Tukimwona bingwa wa magonjwa ya wanawake tuseme nini ili tusirudishwe tena na antibayotiki?

Nesi wa Zamu:
Aandike kwenye daftari kuanzia mwezi huu: damu imeanza lini, maumivu yameanza lini na wapi, choo kikoje, dawa gani kameza na imemsaidia kiasi gani, siku ngapi kashindwa kazi. Bebeni majibu yote ya zamani, hasa yale ya mkojo. Kama kipimo cha kuotesha mkojo maabara kilikuwa kinatoka hakina bakteria huku anatibiwa UTI, bingwa ataelewa haraka. Ingia naye chumbani, akikubali.

Halafu kaka, na wewe ukapime mbegu. Mtoto hatafutwi na mtu mmoja.

Mpogoro Mtulivu:
Hilo la mbegu sikulitegemea, ila sawa. Daftari tumeanza leo.