Tupeane uzoefu: umewahi kudesa (kunakili kazi ya mwenzio) asaimenti ya programu ukakamatwa?

Wakuu, naanza mimi ili msiogope. Mwaka wa pili, kozi ya lugha ya programu ya C, asaimenti ya kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti. Mwisho wa kukusanya Ijumaa saa kumi. Alhamisi usiku jamaa wa chumba cha pili akanipa flashi. Nikajiona mjanja, nikabadili majina ndani ya programu: "count" ikawa "idadi", "temp" ikawa "kapu", nikahamisha na mistari miwili mitatu. Jumatatu mwalimu akatuita watu saba ofisini. Akaendesha programu ya kwanza, skrini ikaandika "Entar student name". Ya pili, "Entar". Zote saba "Entar". Hakusema neno. Wenyewe tukaanza kucheka, kisha tukanyamaza.

Sifuri wote, hata aliyeiandika. Huyo namwonea huruma mpaka leo.

Nukta Mkato: Mkuu, hata ungerekebisha hiyo "Entar" usingepona. Kuna Moss ya Alex Aiken, mtambo wa kunasa programu zinazofanana, ipo tangu 1994. Haijali majina wala nafasi, inalinganisha muundo, halafu inamwekea mwalimu programu mbili ubavu kwa ubavu. Niliwahi kuwa msaidizi wa mwalimu, nimeitumia. Ila haisemi nani kadesa kwa nani. Hapo tulikuwa tunawaita wote wawili, tunawaambia wabadilishe kitu kidogo tu, majina yaanzie Z. Mwenye kazi anakwenda moja kwa moja kwenye ule mstari. Mdesaji anaanza kusoma kutoka juu kabisa, polepole, kama barua ya posa.

Bi Mdogo: Mimi nilikuwa muuzaji. Asaimenti moja chipsi mayai na soda, na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa ndiyo nilikula vizuri. Sijutii sana, mnisamehe. Kasheshe ilikuwa UE, mtihani wa mwisho wa chuo: programu inaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Wateja wangu wanne wakala sapu (mtihani wa marudio), na mmoja akanilaumu mimi eti sikumfundisha!

Mgeni Njoo: Sisi wa ChatGPT hatuombi flashi. Yangu ya lugha ya Python ilikuja na "lambda", njia ya kuandika fanksheni fupi isiyo na jina, kitu ambacho darasani hatujafika. Mwalimu akaniuliza lambda ni nini. Nikamjibu ni herufi ya Kigiriki. Akasema sahihi, akanipa 2 kati ya 20.