Simu ikiporwa, taarifa zako zinabaki mikononi mwa nani? Tupeane uzoefu

Mzee wa Tabata
Kijana wa jirani yangu ameporwa simu pale Ubungo, akiwa dirishani mwa daladala, na abiria wa bodaboda iliyopita kwa kasi. Simu ilifungwa kwa alama ya kidole, lakini laini ilichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine, na kabla ya magharibi ndugu ambao majina yao yalihifadhiwa kwenye laini hiyo walikuwa wameanza kupokea ujumbe wa kuombwa fedha. Waliopatwa na jambo kama hili, naomba mtueleze mliathirikaje na mlijiokoaje.

Mama Nasra
Ni kweli kabisa. Shemeji yangu alituma fedha akidhani nimelazwa.

Mweka Hazina wa Kikoba
Mimi niliporwa Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, simu ikiwa wazi mkononi, kwa hiyo nywila haikusaidia chochote. Ilikuwa siku ya michango. Mwizi aliingia WhatsApp, akasoma mazungumzo ya kikundi hadi akajua ninavyowaita wanachama, kisha akaandika: "Wapendwa, namba yangu ina hitilafu, leo tumieni hii." Mama mmoja mtu mzima aliuliza kama kweli ni mimi, mwizi akamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, ile niliyorekodi mwezi uliotangulia nikisema, "Tumeni tu wapendwa, nipo." Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Nilipoazima simu nilikuta namba pekee ninayoikumbuka kichwani ni ya mume wangu, naye alikuwa kazini, hapokei. Kilichoniumiza zaidi ni kikao cha jioni, kwa sababu baadhi ya wenzangu waliniangalia kana kwamba nimeshirikiana na mwizi, na sikuwa na la kuwaonyesha isipokuwa taarifa ya polisi.

Binti wa Tanga
Pole sana dada. Hiyo ya sauti imenitetemesha. Je, walirudishiwa fedha zao?

Mweka Hazina wa Kikoba
Hapana. Tumekubaliana kwamba namba ya kupokelea michango haibadilishwi tena isipokuwa kwenye kikao, ana kwa ana.

Mkazi wa Kimara
Ushauri wangu ni kwamba usikimbilie kufunga laini. Iache hewani ili simu iweze kutafutwa ilipo.

Fundi wa Simu
Ndugu wa Kimara, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mwizi huchomoa laini ndani ya dakika chache, na kila dakika unayoiacha wazi ni nafasi ya kupokea zile tarakimu 6 za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Kwanza funga laini, kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple kupitia simu ya mwenzako, uifunge simu ukiwa mbali na, ikibidi, ufute kila kilichomo.

Kabla hayajakupata, weka PIN kwenye laini yenyewe, ambayo ni tofauti na ile ya kioo, ili laini ikihamishwa idai PIN hiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, zuia ujumbe usisomeke kioo kikiwa kimefungwa, na ufute picha za kitambulisho na kadi ya benki. Bonyeza *#06#, uandike tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, mahali pengine, kwa sababu utaulizwa ukitaka simu izuiwe.

Mkazi wa Kimara
Mdogo wangu alipata simu yake kwa kuifuatilia, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba haifai.

Babu wa Moshi
Mimi laini ya fedha naiweka kwenye kitochi, nacho hakitoki nyumbani.

Fundi wa Simu
Babu, kitochi nacho kiwekewe PIN ya laini, kwa maana wezi huvunja nyumba pia. Na ndugu wanaoletewa ujumbe wa "tuma kwa namba hii" waupeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Mama Nasra
Fundi, nimeiona sehemu ya PIN ya laini, ila nimesikia ukiikosea mara 3 inadai PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na kile kikadi chenye PUK nimekipoteza.

Fundi wa Simu
Usiiweke kwanza. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, wakupe PUK, uiandike kwenye karatasi ya kubaki nyumbani. PUK usiibahatishe, kwani ukiikosea mara 10 laini inakufa.